Jina la Severina Kwenye Brauza

Simeoni Msengi alikuwa fundi kompyuta wa ushirika wa wakulima wa alizeti, ofisi ya Utemini, mjini Singida. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili, lakini hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Mwalimu. Hakuwa na cheti cha ualimu. Jina lilitokana na vijana wa vyuo waliokuja ofisini kwake kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu mitatu, wakaondoka wanajua kuunganisha mtandao na kufufua kompyuta iliyokufa. Yeye mwenyewe alizaliwa Kinampanda, kwenye familia ya mtama na vitunguu, na alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kushika kompyuta. Kwao, mtu akishindwa kuelewa simu yake, anaambiwa asubiri Mwalimu aje Krismasi.

Jina hilo alilipenda. Hakulitangaza, lakini mtu akimwita Simeoni tu, alichelewa kuitika.

Wivu ulimpata akiwa na miaka arobaini na moja, Jumanne moja ya mwisho wa Aprili, saa nne asubuhi, mkono mmoja ukiwa na chapati. Simu ililia. Kwenye kundi la mafundi wa mkoa, mtu alikuwa ametuma picha ya ukurasa wa Kiingereza. Ulikuwa ukurasa ambao watengenezaji wa brauza moja kubwa, programu ya kufungulia kurasa za intaneti, hueleza wamerekebisha nini kwenye toleo jipya. Mtuma picha alikuwa ameuzungushia mstari mmoja wino mwekundu. Mstari ulisema kwamba tatizo la hatari ya juu limezibwa, la brauza kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, na kwamba liliripotiwa na Severina Kitundu, Tanzania.

Simeoni aliirudisha chapati kwenye sahani.

Simeoni alimfahamu Severina. Ni binti wa mama lishe wa Shelui, pale malori ya Nzega yanapopumzikia. Miaka sita nyuma alikuja kwake kwa mafunzo ya vitendo, msichana mkimya mwenye daftari kubwa ambalo aliandika ndani yake kila kitu, hata vitu vya kipuuzi. Alipomaliza chuo hakupata ajira. Alirudi Shelui akafungua kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Simeoni alikuwa akimhurumia.

Alisoma maelezo mara ya pili, polepole. Tatizo lilitokea mtu akifunga kidirisha cha picha wakati picha bado inakuzwa. Hilo alilijua! Editha, katibu muhtasi wa ushirika, alililalamikia miaka ile ile sita iliyopita. Kila alipofungua ramani ya mvua, akaikuza, akaifunga haraka, brauza nzima ilijifunga. Simeoni alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akaangalia, akamwambia, "Ikifa, ifungue tena. Na usiwe na haraka, dada Editha." Severina alikuwa pembeni na daftari lake.

Kundi lilijaa pongezi. Watu waliuliza amelipwa shilingi ngapi. Hilo Simeoni halikumgusa. Kilichomuuma ni ule mstari. Jina lile sasa lilikuwa mahali ambapo mafundi wa dunia nzima wangelisoma.

Jioni alimweleza mkewe, Magdalena, ambaye alikuwa akichambua mchele.

"Lile tatizo niliona mimi kwanza," alisema. "Mimi na Editha. Yeye alikuwa mwanafunzi tu."

"Uliliona," Magdalena alisema, bila kuinua macho. "Ukalifanyaje, Baba Loyce?"

Simeoni alitoka akaenda kuangalia kuku.

Wiki mbili baadaye mafundi na walimu wa kompyuta walikusanyika kwenye ukumbi mmoja mjini, na Severina akaalikwa kueleza alichogundua. Simeoni alikusudia kutokwenda, akaenda, akakaa kiti cha nyuma. Severina alimwona. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya watu wote, akaja kumwinamia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo." Kisha akageukia watu. "Huyu ndiye aliyenifundisha kufungua kompyuta."

Watu walipiga makofi. Simeoni alitabasamu huku masikio yakiwaka moto. Kufungua kompyuta! Kana kwamba alimwonyesha kitufe cha kuwashia, basi. Binti alimaanisha kufungua kwa bisibisi, kutoa mfuniko, kuona vilivyo ndani, na karibu kila mtu mle ukumbini alielewa hivyo. Simeoni aliyasikia maneno yale kwa namna moja tu, na kwa siku nyingi hakuyasikia kwa namna nyingine.

Severina aliongea vizuri, na hilo nalo lilimuudhi.

"Mama yangu anauza chakula Shelui," alianza. "Zamani alikuwa meza namba saba. Madereva walizoea kwamba mzigo mdogo wa kumwachia mtu unawekwa meza namba saba, mama atautunza. Mama akahamia ng'ambo ya barabara, ile meza akairudisha kwa mwenye eneo. Dereva mmoja hakuambiwa. Akaendelea kuacha mizigo namba saba. Siku za mwanzo meza ilikuwa tupu, aliona tu mambo hayaeleweki, akaondoka. Halafu siku moja akakaa pale mtu mwingine. Akaupokea mzigo, akapotea nao."

Watu walicheka.

"Brauza ndivyo ilivyofanya. Kila kitu kwenye ukurasa kinapewa nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kompyuta: picha, kidirisha, kitufe. Ukikifunga, nafasi inarudishwa ili ipewe kitu kingine. Sasa, ukifunga kidirisha wakati picha bado inakua, kuna sehemu moja ya brauza haikupewa taarifa. Inaendelea kwenda kwenye nafasi ya zamani. Ikikuta pamevurugika, brauza inajifunga, unaifungua tena, unaendelea na kazi. Hatari siyo hiyo. Hatari ni mtu anayetengeneza ukurasa makusudi, akawahi kukaa kwenye ile nafasi. Hapo brauza inapokea maagizo yake ikidhani ni ya kwake yenyewe. Huhitaji kuandika nywila mahali popote. Kufungua ukurasa tu kunatosha."

Alieleza kwamba brauza nyingi zimeandikwa kwa lugha zinazomwachia mwandishi wa programu jukumu la kukumbuka nani ameondoka meza gani, na binadamu husahau. Alieleza alivyoupunguza ule ukurasa wa ramani, siku baada ya siku kwa miezi minane, hadi ikabaki mistari kumi na minne tu inayoiua brauza kila mara. Wakati wa maswali, Simeoni alijikuta amesimama.

"Ulikuwa ofisini kwangu tatizo hili lilipoonekana," alisema. "Kwa nini hukuniambia kwamba ni kubwa?"

Severina aliangalia chini. Alijibu kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake.

"Nilikuambia, mwalimu."

Simeoni akaketi. Alikumbuka. Binti alikuwa amekuja na daftari, akamwambia brauza haijifungi ovyo ovyo, inajifunga kwa mpangilio, na yeye akamtuma akanunue karatasi za printa.

Ofisi ya ushirika ilikuwa na kompyuta kumi na moja. Kwa kuwa intaneti yao ilikuwa ya vifurushi, Simeoni alizima zamani ule utaratibu wa brauza kujisasisha zenyewe. Badala yake, kila Jumamosi alipakua apdeti, yaani toleo jipya, mara moja tu, akaipeleka kwa flashi kwenye mashine moja baada ya nyingine. Hadi Aprili ile hakuwahi kuruka Jumamosi hata moja. Lakini toleo lile lenye marekebisho ya Severina hakuliweka. Wiki ya kwanza alijiambia ana kazi nyingi. Wiki ya pili hakujiambia kitu. Kila asubuhi tangazo lilijitokeza pembeni ya kioo likimkumbusha, na kila asubuhi alibofya neno Baadaye. Alijua anachokifanya ni cha kitoto. Alijua vilevile kwamba tatizo likishazibwa na kutangazwa, wahalifu husoma tangazo hilo hilo na kuwatafuta waliochelewa. Hayo alikuwa akiwafundisha vijana wake. Lakini kuweka toleo lile kulikuwa sawa na kupita mwenyewe kwenye meza kumi na moja akisema kwamba binti yule alikuwa sahihi, na mkono ulikataa.

Mwanzoni mwa Juni, mavuno ya alizeti yakiwa yamepamba moto, Editha alipata barua pepe yenye kiungo cha mbegu mpya. Alikifungua. Ukurasa ulikuwa mweupe, kisha brauza ikajifunga. Akafanya alivyozoea. Akaifungua tena.

Siku tatu baadaye makatibu wa vijiji viwili vya Ikungi walipokea barua pepe kutoka kwenye anwani halisi ya ushirika, yenye jina la Editha chini. Iliwaambia kwamba mwaka huu lori la kukusanya alizeti litapita Alhamisi badala ya Jumatatu. Lori lilipita Alhamisi kweli. Vijana wachangamfu walishuka, wakapima, wakaandika stakabadhi, wakapakia magunia arobaini na moja ya kaya tano, wakashika barabara. Jumatatu lori la ushirika lilipofika, liliwakuta wazee wamekaa na stakabadhi mikononi, hawaelewi wanaulizwa nini.

Mwenyekiti wa ushirika, mzee Hosea Njiku, hakuwa mtu wa kupiga kelele, na siku hiyo hakupiga kelele. Alimwita Editha akamuuliza alimpa nani nywila yake.

"Sijampa mtu, baba. Haki ya Mungu."

"Barua zimetoka kwako."

"Sijaziandika mimi."

Bodi ilipanga kukutana Ijumaa. Kila mtu alijua Editha atafukuzwa, na huenda akapelekwa polisi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alikaa mezani kwake siku nzima akiwa amekunja mikono, hataki hata kuigusa kompyuta.

Simeoni alikuwa ameshaangalia mashine ile. Aliona namba ya toleo la brauza. Aliona saa ambayo brauza ilijifunga, na faili geni lililoingia dakika hiyo hiyo. Alikuwa na uhakika wa tisini kwa mia, na ile kumi iliyobaki aliing'ang'ania kwa siku mbili. Siku ya tatu alimpigia Severina. Alijiambia anataka mtu wa kuhakikisha. Kwa kweli alikuwa akitumaini, kwa sehemu fulani ya moyo aliyoionea aibu, kwamba binti ataangalia na kukosa.

Severina alikuja na basi la asubuhi. Alisalimia, akakaa, akaichunguza mashine kwa muda wa saa nzima. Simeoni alisimama nyuma ya kiti akiangalia vidole vyake. Vilikuwa vyepesi kuliko vyake. Aliliona hilo pia, hata katika hali ile, na likamuuma.

Mwishowe binti aliondoa mikono kwenye kibodi.

"Ni tatizo lile lile," alisema. "Wameiwahi ile nafasi ya zamani, wakachukua funguo za barua pepe. Dada Editha hana kosa." Akamgeukia. "Mwalimu, toleo jipya lilitoka Aprili."

"Najua."

"Intaneti ilisumbua?"

Alikuwa akimfungulia mlango wa kutokea. Simeoni aliuona mlango huo vizuri kabisa. Angesema ndiyo, na mambo yangeishia hapo. Huruma ile ilimwingia vibaya kuliko dharau. Alitamani binti amkaripie, ili apate sababu ya kumchukia kwa haki.

"Haikusumbua," alisema.

Severina alifunga begi lake. "Kwenye ripoti nitaandika kilichotokea kwenye mashine. Kwa nini mashine ilikuwa ya zamani, hilo si langu kuliandika."

Ijumaa, bodi ilipokaa, watu saba kwenye meza ndefu na Editha kwenye kiti cha peke yake, Simeoni aliomba kusema kabla ajenda haijasomwa. Alisema Editha alifungua ukurasa kama mtu yeyote anavyofungua ukurasa. Alisema kinga ilikuwepo, ilitolewa bure, na ingeziba mwanya ule kwa dakika kumi kwa kila mashine.

"Niliiacha siku thelathini na sita," alisema.

"Kwa nini?" mzee Hosea aliuliza. "Wewe si mvivu. Tunakufahamu."

Simeoni alikuwa ameandaa maneno mengine nyumbani, ya majukumu na upungufu wa watumishi.

"Kwa sababu aliyeligundua tatizo ni mwanafunzi wangu," alisema. "Nilimwonea wivu, mzee. Sikutaka kuiweka kazi yake kwenye mashine zangu."

Mjumbe mmoja alimwangalia Editha, Editha akaangalia dirishani, machozi yakimtiririka bila sauti. Alipopita mlangoni baada ya kikao, alimpita Simeoni kama anayepita nguzo. Hakumsemesha kwa miezi miwili, na Simeoni hakumlaumu.

Bodi ilimvua Simeoni ukuu wa kitengo cha kompyuta. Ingekuwa rahisi kumfukuza, lakini mzee Hosea alisema mtu aliyesema ukweli bila kulazimishwa anafaa kubakizwa karibu. Ushirika uliwalipa wakulima wale magunia yao kutoka mfuko wa dharura. Lori halijapatikana hadi leo. Na bodi ikaamua, kwa kura zote, kumwajiri Severina Kitundu asimamie usalama wa mifumo, aje Utemini siku mbili kila wiki.

Jumapili iliyofuata Simeoni alikwenda Ikungi bila kutumwa na mtu. Mzee Gabrieli, aliyepoteza magunia kumi na manne, alikuwa uani na mkewe Selina wakipura alizeti iliyobaki kwa fimbo, juu ya turubai. Simeoni aliwaamkia, akaeleza yeye ni nani na alifanya nini. Hakuacha kitu. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea fimbo yake.

"Kwa hiyo kulikuwa na tundu ndani ya kompyuta," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Za dunia nzima?"

"Karibu zote."

"Na aliyeliona ni binti wa Shelui. Huyo mama lishe mimi nimekula kwake!" Aligeukia mkewe. "Selina, unasikia? Yule mama wa ng'ambo ya barabara. Binti yake." Akamrudia Simeoni, uso umemng'aa. "Hebu nieleze vizuri. Alifanyaje?"

Simeoni alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa hili hakuwa amejiandaa. Alishika fimbo ya pili aliyopewa, akapura, na huku akipura alimsifu Severina kwa muda wa saa nzima, maana mzee hakuchoka kuuliza: kama ana mume, kama alisoma Ulaya, kama wale Wazungu walimwandikia kwa mkono. Kila jibu lilitoka kwa shida kama jino. Alipoaga, viganja vilikuwa na malengelenge. Mzee Gabrieli hakusema amemsamehe. Alisema aje tena wiki ijayo, bado kuna kazi, na Simeoni akaja.

Ukimuuliza leo kama wivu umeisha, atakwambia haujaisha. Severina anakaa kwenye kiti kilichokuwa chake, Jumatano na Alhamisi, na vijana wa mafunzo wanamzunguka yeye. Wanamwita Madamu. Simeoni huweka apdeti za kila mashine siku zinapotoka, kisha hurudi kwenye meza ndogo karibu na mlango, na siku nyingine akisikia vicheko upande ule hujifanya anatafuta kebo.

Lakini ameanza kuandika. Kila programu inapojifunga, anaandika ilikuwa inafanya nini. Septemba iliyopita aliona brauza ikifa kila mara mtu alipobadilisha lugha ya ukurasa wenye video mbili. Aliufanyia kazi ukurasa huo wiki saba. Akaupunguza hadi mistari ishirini, akaandika ripoti kwa Kiingereza, Magdalena akamsahihishia, akaituma kwa wenye brauza. Siku tisa hakulala vizuri. Jibu lilikuja fupi na la heshima. Walimshukuru, tatizo ni la kweli, lakini mtu mwingine aliwahi kuliripoti siku kumi na moja kabla yake.

Jina la mtu huyo hawakulitaja. Simeoni alijikuta anamwonea wivu mtu ambaye hakujua hata kama ni mwanamume au mwanamke, wala yuko nchi gani.

Alhamisi alimwonyesha Severina lile jibu. Hakujua kwa nini. Binti alisoma, akacheka, si kwa ubaya, akavuta kiti kingine karibu na chake.

"Mimi nilipata majibu kumi na moja ya hivi kabla ya ile ripoti moja kukubaliwa," alisema. "La nne nililia, mama akafunga biashara yake mapema anipikie."

"Kumi na moja?"

"Ninayo yote. Kaa nikuonyeshe."

Simeoni alisita, akiwaangalia vijana wa mafunzo waliokuwa wakitazama. Kisha akavaa miwani na kuketi.